Risasi zikienda chini kushoto, usiguse saiti kwanza

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote uwanjani ni haya: "Kocha, hii bastola inavuta kushoto." Mara nyingi anayelalamika ameshakuja na kifaa mfukoni cha kusogezea saiti, vile vidude viwili vya kulengea vilivyo juu ya bastola, mbele na nyuma. Humwomba akiweke kando kwanza, apige risasi tano kwenye karatasi mpya, mita 7, bila haraka, na asichungulie zilikotua mpaka amalize. Alama zake hazinihusu kwa sasa. Nataka kuona matundu yamekaaje.

Yakikusanyika mahali pamoja, ila mbali na katikati, kuna jambo moja linalojirudia: huenda ni saiti, huenda ni kidole. Yakitapakaa karatasi nzima, saiti haina kesi, maana hata ukitaka kuisogeza hujui uisogeze wapi. Huyo namrudisha kwenye mshiko na jicho.

Viwanja vingi hubandika ukutani ule mchoro wa duara lenye vipande: ukipiga hapa, kosa lako ni hili. Siuamini sana. Ulitokana na upigaji wa mkono mmoja, na siku hizi wengi wetu tunashika kwa mikono miwili. Kipande kimoja tu ndicho ninachokiona kila wiki: chini kushoto, kwa mtu wa mkono wa kulia. Anayetumia kushoto, zake huenda chini kulia.

Watu husingizia teke la bastola, yaani inavyoruka ikilia. Hesabu inakataa. Risasi ya milimita 9 huutoka mtutu kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha, na wakati huo mtutu haujainuka kwa kiasi cha maana. Kilichoharibu kimetokea kabla ya mlio: mwili unalijua teke linakuja, nao unajihami kwa kusukuma bastola mbele na chini huku vidole vyote vikikaza pamoja na kile cha triga (kifyatulio). Tena bastola yenyewe ni nyepesi. Glock 17, bastola ya milimita 9, isiyo na risasi haifiki gramu 750, lakini triga yake inadai nguvu ya kilo mbili na zaidi. Ukiivuta kwa pupa, bastola nzima inakwenda na kidole.

Kumthibitishia mtu hili kwa maneno ni kazi bure. Natumia risasi bandia za mazoezi, zisizo na baruti. Juzi nilimjazia magazini mzee mmoja aliyeshikilia kwamba silaha yake imepinda, nikachomeka moja bandia katikati bila yeye kujua iko ya ngapi. Mbili za kwanza zikalia. Ya tatu ikatoa "tik" tu, na mdomo wa mtutu ukazama ghafla, karibu upana wa vidole viwili. Akabaki ameduwaa, bastola bado imeelekea shabaha, kama nilivyomwagiza.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, mzee."

Dawa haina siri, ina uchoshi tu. Mazoezi ya kufyatua bila risasi, kila siku kidogo, risasi zote zikiwa chumba kingine na chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bastola, imekaguliwa mara mbili. Weka sarafu juu ya saiti ya mbele, bonyeza triga taratibu; sarafu ikidondoka, umekaza kitu kisichohusika. (Bastola ya .22, ile ya risasi ndogo, itiwe kwanza risasi bandia, maana pini ya kufyatulia ya nyingi kati ya hizo hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.) Uwanjani, vaa vizibo vya masikio na juu yake vile vikubwa vya kufunika. Nusu ya woga ni kelele.

Jicho nalo. Saiti ya mbele ionekane wazi kabisa, shabaha iwe na ukungu. Wanafunzi hulichukia hili, kila mtu anataka kuona anachokipiga. Lakini kati ya saiti mbili za bastola kuna kama sentimita 16 tu, kwa hiyo zikipishana milimita 1, kwenye mita 10 umekosa kwa sentimita 6, na kwenye mita 25 umekosa kwa zaidi ya 15. Mikono ikitetemeka huku saiti zimelingana, hasara ni ndogo mno kuliko hiyo.

Ikiwa baada ya yote haya kundi la matundu bado limekaa pembeni, mpe mwenzako anayejua apige, au egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga upige mwenyewe kwa risasi za aina ileile unayotumia siku zote. Likirudi palepale, sasa mwenye kosa ni bastola. Saiti ya nyuma isogezwe kuelekea unakotaka risasi ziende. Ya mbele ni kinyume chake. Kwa kundi lililo sentimita 6 kushoto kwenye mita 10, sogeza ile ya nyuma kulia milimita 1, halafu piga kundi jingine kabla ya kuigusa tena.