Damu ya Mzazi Ipimwe, Isikisiwe kwa Macho

Kwa miaka mingi, mimi na wakunga wenzangu hapa Bukavu tumekuwa tukikisia kwa macho damu inayomtoka mama baada ya kujifungua. Mama huja maternite na vitenge vyake, tunamtandikia viwili au vitatu, na damu hunyweka humo. Usiku, taa ikiwa hafifu, kitenge chenye maua mekundu huficha kile hasa tunachokitafuta. Tunapokuja kushtuka, midomo ya mama imekwisha kupauka na mapigo ya moyo yanakimbia.

Ndiyo maana utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, umenigusa sana. Ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Chini ya makalio ya mama hutandikwa plastiki ambayo ncha yake ni mfuko wenye mistari ya mililita. Damu ikifika 500, au 300 huku presha au mapigo yakionyesha hatari, matibabu yote huanza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), maji ya dripu, na kutafuta chanzo, kama vile mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Sisi tulizoea kutoa kimoja, kusubiri, ndipo tutoe kingine, na katika kusubiri huko tumepoteza akina mama.

Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, wanawake 1.6 kati ya 100 walivuja damu ya lita moja au zaidi, wakapasuliwa tumbo au wakafariki kwa kuvuja. Kwingine walikuwa 4.3. Ni haki kueleza kwamba sehemu kubwa ya nafuu hiyo ni akina mama ambao damu yao haikufikia lita moja, kwani vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno kuthibitisha tofauti. Kwangu hilo halipunguzi uzito wake, maana mama aliyepoteza lita nzima anahitaji damu ya kuongezewa, na kuipata usiku ni shida.

Oksitosini hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu hukatika. Traneksamiki haihitaji friji, lakini itolewe ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue. Mahali ambapo plastiki haijafika, mizani ya watoto ipo: vitenge vipimwe vikiwa vikavu, vipimwe tena vikiwa vimelowa, na kila gramu iliyoongezeka ihesabiwe takribani mililita moja.