Marathoni: kunywa maji kila meza si kinga

Wakimbiaji wengi wa Dar es Salaam wanaojiandaa kwa marathoni za Berlin au London huambiana: kunywa kila meza ya maji iliyopangwa njiani, hata kama huna kiu. Ushauri huo ni wa hatari.

Maji yakizidi uwezo wa figo kuyatoa, sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) kwenye damu inazimuliwa na ubongo unaweza kuvimba. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu. Walio hatarini zaidi ni wa mwendo wa taratibu, wanaotumia zaidi ya saa nne: muda wa kunywa wanao mwingi, na jasho lao ni kidogo. Vinywaji vya michezo navyo havikingi, maana sodiamu yake ni ndogo kuliko ya damu.

Bora ujipime. Panda mzani bila nguo, kimbia kwa saa moja, tuseme Coco Beach kuelekea Daraja la Tanzanite na kurudi, jifute jasho, panda tena. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Jumlisha ulichokunywa njiani, upate jasho lako la saa nzima. Uzito ukiongezeka, umezidisha. Ila kipimo ulichopata kwenye joto la Dar usikitumie kwenye ubaridi wa Berlin; huko fuata kiu yako.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, pete kubana kidole, akili kuchanganyikiwa: watu hudhani ni upungufu wa maji, wakamwongezea mgonjwa chupa nyingine. Msimpe maji, mpelekeni haraka kwa madaktari wa mbio, mkawaeleze amekunywa kiasi gani.