Pilipili mbuzi: harufu na ukali si kitu kimoja

Chukua pilipili mbuzi moja iliyoiva, ile ya njano inayoanza kuingia rangi ya chungwa. Usiikate kwanza. Ikwaruze ganda kwa ukucha, kidogo tu, halafu inuse. Kinachokujia ni tunda: embe, ganda la ndimu, na kwa mbali kitu kama ua. Ukali bado haujafika. Utafika ukishaipasua.

Nalima pilipili hii Muheza, mkoani Tanga, mwaka wa tisa sasa. Nauza mbichi, ya kusaga na ya chupa. Karibu kila swali ninaloulizwa na wateja linatokana na kudhani kwamba harufu na ukali ni jambo moja. Kuna anayenipigia kusema mchuzi wake haukulika kwa kuwasha, na kuna anayelalamika kwamba nimemuuzia pilipili isiyo na kitu. Mara nyingi wote wawili wamechukua kwenye tenga moja, lililochumwa asubuhi moja. Kilichowatenganisha ni namna walivyopika.

Tuelewane kwanza kwenye jina. Kichaa ni ile ndogo nyembamba, mtini inasimama ikitazama juu. Mbuzi ina mikunjo, imebonyea huku na huku, inaning'inia kwa kikonyo. Wataalamu wa mimea wanaiweka kwenye Capsicum chinense, jina lililotolewa na Nikolaus von Jacquin mwaka 1776 akiamini ilitoka China. Alikosea. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kwenye bonde la Amazon, na huku kwetu pilipili za aina hii zilifika baada ya Wareno kuanza kupita Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli pamoja na achari ya ndimu, vishada vya pilipili, tangawizi mbichi na embe. Pilipili ile ilikuwa manga, kwa sababu mbuzi na kichaa zilikuwa bado ng'ambo ya Atlantiki. Mimi mtengeneza achari hufurahi sana nikikumbuka hilo: achari ilikuwepo mezani kwetu kabla ya pilipili hizi, zikaja zikakuta nafasi yao tayari.

Sasa ukali wenyewe. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini, nacho hutengenezwa kwenye utando mweupe ulioshikilia mbegu, ule unaoshuka katikati ya pilipili kama uti. Watu husema toa mbegu ili ipungue ukali. Mbegu hazina hatia, zinawasha kwa sababu zimegusana na utando. Ukizitoa ukaacha utando, hujafanya kitu. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande kidogo cha nyama kwenye ncha, mahali ambapo utando haujafika, ukiguse kwa ulimi. Utaonja utamu, halafu joto dogo linalokuja taratibu. Kisha gusa utando, lakini uwe na maziwa karibu.

Tunasema pilipili inaunguza, na mwili kweli unauona moto. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilipata kipokezi cha neva kinachoitikia kapsaisini, kikaonekana ni kile kile kinachotuonya joto likipita kama nyuzi 43. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ndege wana kipokezi hicho pia, ila chao hakiitikii kapsaisini. Ndiyo maana ndege hula kichaa bila taabu, akaenda kutua kwenye mwembe, na mwaka unaofuata unakuta mche wa pilipili chini ya mwembe ambao hakuna aliyeupanda.

Jambo linalofaa kwa mpishi ni hili. Harufu ya pilipili mbuzi ni mafuta mepesi yanayopaa na mvuke. Kapsaisini haipai hivyo, na moto wa jikoni hauimalizi. Kwa hiyo ukikata pilipili ukaitia mwanzoni, ukachemsha saa nzima, harufu imeshatoka dirishani na ukali wote umebaki kwenye sufuria. Umelipia tunda, umekula moto mtupu. Nimeona hili kwenye maharage, kwenye supu ya mbuzi, kwenye pilau, kila mahali.

Mama mkwe wangu hakuwahi kusoma habari za kapsaisini, lakini nilijifunzia kwake. Alikuwa akipika samaki wa nazi, mchuzi umeshaiva kwa tui jepesi, tui zito limemiminwa na linaanza kutokota. Hapo ndipo alipookota pilipili mbuzi moja nzima, kikonyo chake kikiwa hakijang'olewa, akailaza juu ya mchuzi kama anayelaza yai. Nikashika upawa nikoroge. Akanizuia mkono. "Mwanangu, ukishaweka pilipili, chungu hakikorogwi. Kitikise kwa masikio yake." Akakishika chungu kwa vitambaa, akakizungusha mara mbili, mchuzi ukatembea, pilipili ikaelea ikizunguka. Baada ya dakika kama kumi ganda lilikuwa limelegea na kung'aa, akaitoa kwa kijiko akaiweka kwenye kisahani cha baba mkwe, aipasue mwenyewe akitaka. Mchuzi ulinukia pilipili mpaka uani, na watoto walikula bila kulia.

Ganda zima linazuia utando usikutane na mchuzi, lakini harufu inapenya. Hiyo ndiyo siri yote ya pilipili ya kuelea, na kila kitu kinategemea kikonyo. Ukiking'oa umefungua mlango. Chagua pilipili ngumu isiyo na tobo la funza, na usiifunikie sufuria ikachemka kwa nguvu, maana itapasuka. Ikipasuka, itoe haraka, ongeza tui zito, na ukae ukijua kwamba maji hayatakusaidia. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta, na ndiyo sababu nazi inaipoza. Mdomoni ni vivyo hivyo: maji yanausambaza moto, maziwa na mtindi yanauondoa kwa mafuta yake na kwa protini yake inayoinasa kapsaisini.

Mafuta hayo hayo yanaweza kukugeuka. Ukikaanga pilipili iliyokatwa pamoja na vitunguu, ukali unaingia kwenye mafuta na mafuta yanaupeleka kila tonge. Kwa anayetaka chakula kiwashe sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, hiyo ndiyo njia, na robo ya pilipili mbuzi inatosha sufuria ya watu sita. Kwa anayetaka harufu, katakata nyama yake bila utando, vipande kama punje za mchele, uvitie moto ukishazimwa. Kachumbari nayo naitengeneza hivyo, na ndimu juu.

Mikono: paka mafuta ya kupikia kabla ya kukata, na ukimaliza paka tena, sugua, ndipo unawe kwa sabuni. Anayenawa kwa maji matupu halafu akajipangusa jicho ataikumbuka siku hiyo. Na usikaange pilipili kavu ndani ya nyumba iliyofungwa. Wahenga walisema pilipili usizozila zakuwashiani, lakini moshi wake unamkohoza hata jirani.

Shambani, kosa la kwanza ni haraka. Mbegu za mbuzi zinachukua wiki mbili hadi nne kuota, na zinataka udongo wa joto, nyuzi 25 hadi 30. Nimeona watu wamemwaga udongo wa kitalu siku ya kumi na mbili wakidhani wameuziwa mbegu mbovu. Mimi naloweka mbegu usiku mmoja kwenye maji vuguvugu, nazifukia sentimita moja tu, na kitalu nakiweka mahali bati linapotupa joto lake. Maji kidogo kidogo, kwa sababu udongo ukilowa sana ugonjwa wa kinyausi unaingia na miche inaanguka kama iliyokatwa kwa wembe usawa wa ardhi. Nasia mwezi wa nne chini ya paa, masika yakipiga nje, nahamisha mwezi wa sita mvua kubwa ikiwa imepungua, sentimita 60 kati ya mche na mche na 90 kati ya mistari. Mvua ndogo za mchoo zinaikuta imeshika mizizi. Maua yanatoka kwenye ubaridi, na hilo ni muhimu, kwa sababu joto likizidi nyuzi 33 au 34 maua yanapukutika.

Samadi iliyooza vizuri inatosha mwanzo. Ukiendelea kumwaga urea utapata mti mzuri wa kupigia picha, majani meusi mapana, na pilipili nne. Maji nayapunguza matunda yakishajaa, siyo mti unyauke, uone kiu tu, kwa sababu mti uliobanwa kidogo unazaa pilipili kali zaidi. Hapa pia ndipo mteja anapopata tofauti kati ya tenga la Septemba na la Desemba vuli ikinyesha, na mimi huwa namwambia mapema.

Majani yakijikunja, tazama yamekunjika kwenda wapi. Yakikunjika juu na kuna mikwaruzo ya rangi ya fedha, ni wadudu wadogo waitwao thripsi. Majani machanga yakikunjika chini, yakawa membamba na magumu, ni utitiri, na salfa inasaidia ukiwahi asubuhi au jioni, kamwe siyo jua la saa sita. Yakiwa na batobato ya njano na kijani, ni virusi vilivyoletwa na wadudu kama vidukari, na hapo hakuna dawa. Ng'oa, choma. Inauma kung'oa mti wenye maua, lakini ukiuacha utang'oa mstari mzima.

Vijana wananiuliza sana kuhusu zile pilipili za mashindano ya ukali. Kipimo chao kilianzishwa mwaka 1912 na mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, aliyekuwa akizimua pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie tena ukali. Siku hizi hupimwa kwa mashine. Kwa kipimo hicho cha Scoville, pilipili hoho ni sifuri. Kichaa hufika 50,000 hadi 100,000, na jamii ya habanero, ndugu wa karibu wa mbuzi, 100,000 hadi 350,000. Carolina Reaper ya mkulima wa Marekani, Ed Currie, ilipimwa wastani wa 1,641,183, na mwaka 2023 Pepper X, yake pia, ikatangazwa kwa 2,693,000. Nilipata mbegu sita za Reaper nikazipanda mwisho wa mstari wangu wa mbuzi. Zilizaa vizuri, na harufu yake ni nzuri kweli. Lakini kwa chungu cha nyumbani huwezi kuitumia kiasi cha kuifaidi: ukali unakusimamisha kabla harufu haijatosha.

Kosa langu halikuwa kuzipanda, bali kuweka mbegu za mbuzi za kupanda kutoka msimu ule ule. Reaper nayo ni chinense, nyuki wanapita, na zinazaana. Pilipili nilizochuma zilikuwa mbuzi kamili kwa sura na ladha, kwa sababu nyama na utando ni vya mama. Baba amejificha kwenye mbegu. (Kwa hiyo si kweli kwamba hoho iliyopandwa karibu na kichaa itawasha msimu huo huo. Ni watoto wake watakaowasha.) Mwaka uliofuata niliuza miche, na jirani akaja na pilipili mkononi, nyekundu, yenye mkia kama wa nge. "Dada, hizi ulizonipa siyo mbuzi. Mama ameila mara moja tu, hakulala." Nilimrudishia hela yake na nikang'oa mstari wangu wote. Tangu hapo tawi la mbegu nalivisha kipande cha chandarua kabla ua halijafunguka, nalitikisa asubuhi ua lijichavushe lenyewe, na nafunga uzi mwekundu kwenye vikonyo ili nisikosee kuchuma.

Ya chupa naifanya hivi. Kilo moja ya mbuzi zilizoiva, bila vikonyo, gramu 30 za chumvi, kitunguu saumu kimoja kizima na embe bichi moja. Natwanga kwenye kinu, nisilainishe sana. Kwenye mtungi wa kioo uliochemshwa najaza robo tatu, kifuniko nakilegeza, na kila siku naushindilia chini kwa kijiko kisafi. Siku ya tatu unaanza kutoa mapovu, siku ya kumi harufu yake ina uchachu kama wa mtindi, na tunda bado lipo. Ukiota manyoya ya ukungu, mwaga wote. Kisha naongeza kikombe cha siki na kupima kwa karatasi za uchachu: lazima pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe chini ya 4.6, yangu huwa chini ya 4. Pilipili na saumu mbichi za kuweka kwenye mafuta matupu, bila siki wala ndimu, siziuzi na siwashauri mzihifadhi, kwa sababu bakteria wa sumu hatari hukua humo bila kubadili harufu wala sura.

Sichemshi ile ya nyumbani, ili nisiipoteze harufu, na inakaa kwenye friji. Rangi inafifia kabla ya ladha. Ya Oktoba iliyopita imebaki robo chupa, na ndiyo inayokwenda mezani leo pamoja na mihogo ya kuchoma.