Tuzo tangulizi ni nini, na kwa nini si zote zinatabiri Oscar

Kila mwaka ikifika Januari utawasikia watu wanasema fulani kashamaliza, Oscar ni yake. Ukiwauliza mmejuaje na kura hata hazijapigwa, wanakwambia kachukua Golden Globe, kachukua Critics Choice, bado SAG ya waigizaji na BAFTA ya Uingereza tu. Hizo wanazozitaja ndo tuzo tangulizi, yaani tuzo zinazotolewa kabla ya Oscar ndani ya msimu uleule, kwa filamu zilezile na waigizaji walewale, na watu wanazitumia kama dalili ya nani atabeba mwishoni.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, ila kuna mawingu yanapita tu, na kazi yote ya kutabiri Oscar ni kujua wingu lipi ni la mvua. Wengi wanakosea kwa sababu wanahesabu tuzo, huyu anazo 4 yule anazo 2 basi huyu kashinda. Mimi swali langu la kwanza huwa ni moja tu: waliopiga kura kwenye hiyo tuzo ni kina nani?

Golden Globe inapigiwa kura na waandishi wa habari za burudani, Critics Choice ni wahakiki. Hao wote Oscar hawaipigii. Oscar inapigiwa kura na wanachama wa Akademi, taasisi ya filamu ya Marekani inayoitoa, karibu watu 10,000, na hao ndo wenyewe wa kazi: waigizaji, madairekta, maprodyuza, waandishi wa skripti, wahariri, watu wa sauti na kadhalika. Kwenye uteuzi kila tawi, yaani kundi la watu wa kazi moja, linateua watu wake (Filamu Bora wanateua wote), ila kwenye kura ya mwisho kila mwanachama anapiga vipengele vyote. Kwaiyo tuzo za vyama vya kazi, yaani DGA ya madairekta, PGA ya maprodyuza, SAG ya waigizaji na WGA ya waandishi, zina uzito wake, maana baadhi ya waliopiga kule ndo haohao watakaopiga huku. Golden Globe haina uzito huo: La La Land mwaka 2017 ilibeba 7, rekodi kabisa, na Filamu Bora ikaenda kwa Moonlight.

DGA ndo ya kuaminika kuliko zote. Imeanza 1948, na mpaka tuzo za 2025 mshindi wake na mshindi wa Oscar ya dairekta wametofautiana mara 8 tu. Na moja ya hizo 8 hata siihesabu vizuri, maana mwaka 2013 Ben Affleck alishinda DGA kwa Argo wakati Akademi haikuwa imemteua kabisa kama dairekta, sasa angeshindaje? Oscar ikaenda kwa Ang Lee, afu Argo yenyewe ikachukua Filamu Bora.

Filamu Bora ndo pagumu, na ugumu unatokana na jinsi kura zinavyohesabiwa. Vipengele vingine ni rahisi, unachagua mmoja, mwenye kura nyingi kabeba. Filamu Bora, tangu walipopanua orodha ya filamu zinazowania, kwa filamu za 2009, mpigakura anazipanga kwa nafasi, ya kwanza ipi, ya pili ipi, mpaka chini. Wanahesabu nafasi za kwanza, kama hamna filamu iliyovuka nusu wanaitoa ya mwisho kabisa, na karatasi za walioiweka hiyo namba 1 zinahamia kwa chaguo lao la pili, wanarudia hivohivo mpaka moja ivuke nusu. Maana yake filamu inayopendwa mno na watu wachache huku wengine hawataki hata kuisikia inaweza kupitwa na filamu ambayo kila mtu kaiweka namba 2 au 3. Ukielewa hapo tu tayari umewapita wengi wanaotabiri.

Na ndo maana PGA inaangaliwa sana kwenye Filamu Bora, kwa sababu na wao walihamia mfumo huohuo wa kupanga nafasi mwaka uleule. Kuanzia tuzo za 2010 mpaka 2025, miaka 16, PGA imekosea mara 3 tu, 2016 walipoipa The Big Short, 2017 La La Land na 2020 walipoipa 1917 (2014 walitoa kwa filamu mbili, Gravity na 12 Years a Slave, na moja ndo iliyoshinda). Mfano ninaoupenda ni wa 2022. The Power of the Dog ilikuwa na Golden Globe, Critics Choice, DGA na BAFTA, ukihesabu idadi mchezo umeisha. CODA ilikuwa na PGA na tuzo ya kundi zima la waigizaji ya SAG, haikuwa hata na uteuzi wa dairekta wala wa uhariri, na wapenda takwimu walikuwa wanasema filamu ya hivo haishindi. Ikashinda. Ilikuwa filamu ambayo ni ngumu kumpata mtu anayeichukia, na mfumo ule wa kura unazipenda filamu za namna hiyo.

Kwa waigizaji ya kutazama ni SAG, maana tawi la waigizaji ndo kubwa kuliko matawi yote ya Akademi. Mwaka 2014 Jennifer Lawrence alikuwa na Golden Globe na BAFTA, Lupita Nyong'o ana SAG na Critics Choice, na Oscar ikaenda kwa Lupita. Ila hapa pamebadilika kidogo. Kuanzia 2016, baada ya kelele za kwamba walioteuliwa wote ni weupe, Akademi iliingiza wanachama wengi wapya na wengi wao wanatoka nje ya Marekani, na tangu hapo BAFTA ya Uingereza imepata nguvu kwa waigizaji. Mwaka 2019 Glenn Close alikuwa na Golden Globe na SAG, Olivia Colman akaja na BAFTA akabeba. 2025 Demi Moore alikuwa na Golden Globe, Critics Choice na SAG, Mikey Madison ana BAFTA, akabeba Madison.

Lakini usikimbilie kusema basi BAFTA ndo kila kitu! BAFTA hiyohiyo kwenye Filamu Bora, kuanzia 2015 mpaka 2025, imelingana na Oscar mara 2 tu, Nomadland 2021 na Oppenheimer 2024. Tuzo moja, kipengele hiki inakuonyesha njia, kipengele kile inakupoteza, kwaiyo uzito unapimwa kipengele kwa kipengele.

Kuna na suala la tarehe ambalo watu wanalipita. Ule mwaka 2025 kura za Oscar zilifungwa tarehe 18 Februari, BAFTA ilikuwa tarehe 16, na SAG ikatolewa tarehe 23, kura zishafungwa. Hotuba nzuri ya SAG mwaka huo isingeweza kumbadilisha mpigakura yeyote, ilikuwa inatuonyesha tu waigizaji wanafikiria nini.

Na kabla hujasema fulani kamshinda fulani, angalia kama kweli walishindana. Mwaka 2009 Kate Winslet alishinda Golden Globe na SAG kwa The Reader kama mwigizaji msaidizi, Oscar wakamuweka mwigizaji mkuu, na akashinda hukohuko, kwaiyo tuzo zake mbili zilikuwa za kipengele kingine. 2021 ndo kabisa: Golden Globe ya mwigizaji wa kike kwenye drama ilienda kwa Andra Day, Critics Choice kwa Carey Mulligan, SAG kwa Viola Davis, BAFTA kwa Frances McDormand, tuzo nne watu wanne. Oscar akachukua McDormand na watu wakasema si mliona BAFTA. Mimi nilikuwa nampenda Viola mwaka ule na bado naumia nikikumbuka, lakini hata nikiweka mapenzi pembeni, ile BAFTA haikuwa imetuambia kitu kikubwa, maana Viola, Mulligan na Andra Day wote hawakuteuliwa BAFTA mwaka ule. Katika wanawake watano waliokuwa wanawania Oscar, McDormand kule alikutana na mmoja tu, Vanessa Kirby.