Kromu ya kwenye boksi la modeli na ile ya gari lenyewe

Wajenzi wengi wa modeli za magari (magari madogo ya plastiki ya kuunganisha) huamini kwamba vipande vya kromu vinavyokuja kwenye boksi vinaonyesha gari halisi lilivyo: bampa, grili, nembo na fremu za madirisha, vyote viking'aa sawasawa kama kioo. Imani hiyo ina msingi. Bampa za magari ya Marekani ya miaka ya 1960 kwa kawaida zilikuwa za chuma kilichopakwa kromu. Ila grili nyingi zilikuwa za alumini, na fremu za madirisha za chuma cha pua, na mng'ao wake ni wa kufifia kidogo. (Hata hiyo "kromu" ya vipande vya plastiki vya kwenye boksi, kwa kweli, ni utando mwembamba wa alumini.)

Ukipata gari la zamani, na mwenyewe akaridhia, gusisha sumaku iliyofungwa kitambaa: itanasa kwenye bampa ya chuma, kwenye alumini haitanasa. Huna gari? Tafuta picha zilizopigwa siku ya mawingu, maana jua kali hung'arisha kila kitu. Mng'ao uliozidi kwenye kipande cha modeli hutoka ukikiloweka kwenye Jiki, ukiwa umevaa glavu. Kisha paka rangi ya alumini.