Thamani ya soko ya sarafu kongwe ni nini?

Shangazi yangu anakaa Wete, na kila nikivuka kwenda Pemba huwa ana jambo aliloniwekea. Safari hii aliinuka hata chai haijamiminwa, akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kipande cha kanga. Akalimimina juu ya mkeka. Zikatoka sarafu tatu nyeupe tunazoziita riale, zenye kichwa cha mwanamke, moja imetiwa kitanzi cha kuvalia shingoni. Pesa za shaba kama kumi na tano. Na noti moja iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu, nimeambiwa riale moja ya mwaka 1780 inajenga nyumba. Hizi zina thamani gani?"

Swali hili naulizwa sana tangu watu wajue kwamba napenda sarafu, na aghalabu anayeuliza ameshapewa jibu na mtu mwingine. Ndiyo maana naona bora kuanza na neno lenyewe. Thamani ya soko ya sarafu kongwe ni kiasi walichokubaliana mnunuzi anayeijua sarafu ile na muuzaji anayeijua vilevile, hakuna kati yao aliyebanwa na shida, na fedha zikalipwa kweli.

Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi yake. Mama anayeuza riale kwa sababu mtoto anatakiwa apelekwe hospitali Unguja hapati thamani ya soko, anapata bei ya dhiki. Mtalii anayenunua kwa furaha ya safari, asijue anachokinunua, naye hajatupa kipimo. Pengine amelipa mara tatu. Na bei iliyoandikwa kwenye karatasi ndani ya kabati la kioo pale Mji Mkongwe ni ombi tu la mwenye duka. Mtu anaweza kuomba milioni kumi, akaomba miaka saba, na sarafu ikawa bado imekaa kabatini.

Tuachane na kabati, turudi mkekani. Riale ile yenye kichwa cha mwanamke wazee wetu waliiita riale ya Sham, wakiitofautisha na riale ya mzinga ya Kihispania, ambayo nguzo zake mbili watu waliziona kama mizinga. Mwanamke mwenyewe ni Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Sarafu yake ilikuwa imeshapendwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu hivi kwamba hawakutaka nyingine. Basi ikaendelea kupigwa, yaani kutengenezwa kiwandani, baada ya kifo chake kwa sura ileile na mwaka uleule, 1780. Imepigwa Vienna, imepigwa Milan na Venice, na katika karne ya ishirini ikapigwa pia Rome, London, Paris na Bombay. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na nasema hivi kwa uchungu maana nimeona wanaonyang'anyana urithi kwa sababu yake. Mwaka ulioandikwa kwenye riale ya Sham hausemi sarafu imezaliwa lini. Iliyomo koponi mwa shangazi inaweza kuwa imepigwa wakati babu yangu ni kijana.

Kwa hiyo riale ya kawaida ya aina hii bei yake haiendi mbali na thamani ya madini yake. Hesabu ni nyepesi. Riale nzima ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha safi. Hiyo ni kama gramu 23.4 za fedha. Zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo, umepata sakafu: bei ambayo hupaswi kushuka chini yake, hata ukimuuzia mtu atakayekwenda kuiyeyusha. Juu ya sakafu hiyo ndipo thamani ya mkusanyaji inapoanza kupanda, na riale ya Sham ya kawaida haipandi sana. Zilipigwa mamilioni kwa mamilioni.

Zipo chache zinazopanda. Anayezijua huangalia herufi S.F. chini ya bega, huhesabu lulu kwenye kidani cha begani, hutazama manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili upande wa pili, maana kila kiwanda kiliacha alama ndogo zake. Wafanyabiashara wa zamani nao walikuwa wakizihesabu lulu zile kabla ya kuipokea. Kwetu huo ni ujuzi wa kale uliokwisha kusahaulika.

Tulipanda gari mimi na shangazi tukaenda Chake kwa sonara, kwa sababu mizani ya sonara haina ubishi. Riale ya kwanza ilitoka gramu 28. Ya kitanzi ilizidi, kwa sababu ya kitanzi chenyewe na risasi iliyokiunga. Ya tatu ilitoka gramu 22. Nikaigeuza ubavu. Riale ya kweli ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka ukingoni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Ukipitisha ukucha unayahisi. Ile ya tatu ukingo wake ulikuwa laini, na katikati yake umezunguka mstari mwembamba, palipokutana nusu mbili za kalibu. Ilikuwa ya kumiminwa, imepakwa weupe juu. Shangazi aliishika muda mrefu bila kusema kitu. Alikuwa amepewa na mtu anayemheshimu.

Ya kitanzi nayo ina habari yake. Kwa shangazi ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa mama yake aliivaa siku ya harusi. Kwa mkusanyaji imeharibika, kwa sababu joto la sonara limegusa uso wake na ukingo umetobolewa. Thamani ya moyoni na thamani ya soko hazigombani, ila hazibadilishani nafasi. Mnunuzi halipi kumbukumbu yako.

Sasa pesa za shaba. Hizi ni za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Upande mmoja una jina lake kwa Kiarabu, upande wa pili una mizani, na chini yake mwaka wa Hijria, 1299 au 1304. Mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani atausoma. Zinapatikana kwa wingi majumbani, Unguja na Pemba, kwa hiyo moja moja hazina bei kubwa. Hata hivyo kati ya pesa mbili za mwaka mmoja, moja inaweza kuuzwa mara kumi ya mwenzake, na kinachozitenganisha ni hali.

Hali maana yake ni jinsi sarafu ilivyobaki karibu na siku iliyotoka kiwandani. Sehemu zilizoinuka ndizo zinazosagika mwanzo. Katika pesa ya Barghash tazama ncha za herufi na vitanga vya mizani: vikiwa bado vina makali, sarafu imetumika kidogo. Wakusanyaji wa nje wana kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili hiyo, na kupanda daraja chache juu ya kipimo hicho kunaweza kubadilisha bei yote.

Lakini hali si mng'ao, na hili nalisema kwa mtu aliyelijutia. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilichukua pesa nane za bibi yangu nikazisugua kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua masinia ya shaba kabla ya Idi. Ziliwaka kama dhahabu. Bibi alifurahi, nami nilifurahi zaidi. Nilichokuwa nimekiondoa ni ule utando wa hudhurungi uliojijenga kwa miaka mia, pamoja na ngozi nyembamba ya shaba yenyewe, na nikaacha mikwaruzo midogomidogo ambayo mjuzi anaiona kwa kuinamisha sarafu kwenye mwanga. Zile pesa ninazo mpaka leo. Haziwezi kurudi zilivyokuwa. Tafadhali, ukikuta sarafu ya zamani usiisugue kwa ndimu, wala ukwaju, wala dawa ya meno. Iache na weusi wake.

Kanuni hii haiko kwenye sarafu tu. Wakusanyaji wa bastola kongwe za shabaha huko Marekani, mathalan Colt Woodsman iliyotengenezwa kuanzia 1915 hadi 1977, wanatazama mambo hayohayo: je, rangi ya chuma ni ile ya kiwandani au imepakwa upya, vipande vyote ni vyake, sanduku na karatasi zake zipo? Bastola iliyong'arishwa upya huwa nzuri machoni na hupungua bei. Jambia lililobadilishwa mpini kwetu lina kisa kilekile.

Uadimu peke yake nao hautoshi. Lazima awepo anayekitafuta kitu. Riale ya fedha ya Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria inatafutwa na ni adimu, kwa sababu watu walishaizoea riale ya Sham na ile mpya haikuweza kuing'oa sokoni. Senti za mwaka 1908 za Sayyid Ali bin Hamud, sultani wa Zanzibar wa baadaye, zenye mnazi, ni adimu pia. Na noti za rupia za Serikali ya Zanzibar, zilizoanza mwaka huohuo wa 1908, zenye picha za jahazi na wachumaji wa karafuu, zinagombewa minadani kwa maelfu ya dola. Zilibadilishwa mwaka 1936, rupia moja kwa shilingi moja na nusu, na waliobaki nazo majumbani ni wachache mno.

Ili kukadiria, basi, tafuta sarafu ya aina ileile, mwaka uleule, hali inayokaribiana, iliyokwisha kuuzwa. Nyumba nyingi za mnada huchapisha kwenye mtandao bei zilizofikiwa. Chukua tatu au nne za miaka ya karibuni, achana na ile moja iliyopaa peke yake, kisha ondoa sehemu ya mnada na gharama za kusafirisha. Kinachobaki ndicho unachoweza kukitia mfukoni. Mfanyabiashara wa hapa atakupa pungufu ya hapo, na hiyo si dhuluma. Naye anakodi duka na anangoja mteja.

Jambo moja siwezi kuliruka nikiwa Pemba. Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji kutoka hapo Wete, mwaka 1984 ziliibuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa kale wa Misri. Sarafu zile ni ndogo kuliko ukucha, na zimetufundisha kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakipiga fedha yao wenyewe karibu miaka elfu iliyopita. Zimefundisha hivyo kwa sababu zilitolewa ardhini kwa utaratibu, zikiwa pamoja, na mahali pake pakaandikwa. Ukilima ukakutana na sarafu, usiitafutie bei. Iache ilipo, na uwaite watu wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.

Noti ya shangazi tuliikunjua mwisho, polepole, juu ya bahasha. Alitamani iwe rupia, na mimi nilitamani pia. Ilikuwa ya shilingi kumi za Afrika Mashariki, imechanika kwenye mkunjo wa kati. Nikaiweka ndani ya plastiki safi, bila gundi wala utepe. Riale ya kweli tukaifunga peke yake, pesa za Barghash zikarudi koponi na weusi wake. Ya kitanzi hakuirudisha. Alimwita mjukuu wake kutoka uani, akamfunga shingoni.