Kwa Nini Dawa ya Kifafa Humezwa Hata Siku ya Uzima

Mgonjwa anapoletwa kwangu kwa mara ya kwanza akidhaniwa kuwa na kifafa, mtu ninayetaka kumsikiliza zaidi ni yule aliyekuwepo alipoanguka. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki lolote, ilhali utambuzi wa maradhi haya husimama juu ya maelezo: mwili ulianza kukakamaa upande gani, macho yaligeukia wapi, hali ilidumu dakika ngapi, na alipozinduka alichukua muda gani kuwatambua watu. Kipimo cha EEG, kinachorekodi umeme wa ubongo na kilichotokana na kazi ya Mjerumani Hans Berger, aliyenasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, hutusaidia kujua aina ya kifafa, lakini kwa kuwa hupima kipindi kifupi tu, majibu yake yanaweza kuwa ya kawaida kwa mtu ambaye hakika ana kifafa.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Kundi la seli likiwaka kwa pamoja kupita kiasi, kazi ya sehemu hiyo huvurugika, na dalili hufuata sehemu iliyoguswa. Ndiyo maana si kila mwenye kifafa huanguka na kutoa povu. Yuko anayetetemeka mkono mmoja huku akiwa na fahamu zake, na yuko mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, akaadhibiwa darasani kwa kosa ambalo si lake, jambo linaloniumiza kila ninapolisikia. Kwa upande mwingine, degedege la homa kwa mtoto mdogo si kifafa, na kifafa cha mimba, licha ya jina lake, ni ugonjwa mwingine unaoambatana na shinikizo la damu la ujauzito.

Dawa tunazotoa haziondoi chanzo cha kifafa. Kazi yake ni kutuliza seli zisiwake ovyo, nazo hufanya hivyo kwa muda ule tu ambao kiwango chake katika damu kinatosha. Hapa ndipo wengi hukosea, na siwalaumu: mtu aliyekaa miezi sita bila kuanguka hujiona amepona, huacha vidonge ghafla, kisha hupatwa na mishtuko, yaani vipindi vya kifafa, mfululizo isiyokoma, ambayo inaweza kumuua. Mshtuko unaozidi dakika 5 ni dharura ya hospitali. Kabla ya hapo, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, na msimtie chochote mdomoni. Povu lake haliambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwacha karibu na moto au maji kwa kuogopa kumgusa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1912, bado inawasaidia wengi. Uchaguzi wa dawa hutegemea aina ya kifafa, umri na hali ya mgonjwa. Valproeti, kwa mfano, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke anayeitumia azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, wala asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zikishindwa, hatuna budi kufikiria njia nyingine, ikiwemo upasuaji kwa wale ambao chanzo cha mishtuko yao kiko mahali pamoja panapoweza kuondolewa kwa usalama.

Karibu kila mgonjwa huniuliza ataacha lini. Akikaa angalau miaka 2 bila mshtuko wowote, huwa tunaketi pamoja kupima uwezekano wa kurudi kwa ugonjwa, kwa sababu wengine hulazimika kuendelea na dawa. Tukikubaliana kuacha, dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, huku mtu wa nyumbani akiendelea kumwangalia.